Foleni Imeisha, Baba Watoto Hajafika

Jumatatu, 3 Machi
Taa zetu mpya za njia panda zimewashwa. Zinahisi magari zenyewe — upande uliojaa unaongezewa kijani, upande mtupu unangoja. Miaka nimezihangaikia. Jioni foleni imeyeyuka nikiitazama kwenye skrini ya ofisi. Mkuu kasema nimewarudisha watu kwa familia zao. Nikajiona mtu.

Baba Watoto kaja wanawe wameshakula. "Foleni, Mama Watoto. Haisogei." Nikampakulia.

Jumatano, 5 Machi
Foleni tena, eti. Njia yake ya kurudi ni hiyo hiyo moja yenye taa zetu, na jioni nzima ilikuwa nyeupe, haina foleni. Hata hajui taa zimeshawaka! Nilimwambia wiki iliyopita kwamba zitawashwa Jumatatu. Aliitikia "vizuri" macho yakiwa kwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kapita. Nikamgusia habari za kaka yake. Kasema mwanamume wa hivyo ana kwake kwingine, nifumbue macho. Nikacheka. Nikamwongezea chai.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeomba ruhusa, nimemfuata jioni saa ya kutoka kazini. Gari lake liko maegesho ya kazini kwake, limezimwa. Yumo ndani. Peke yake. Kalaza kiti, anatazama ukuta. Nikajibanza nyuma ya nguzo kumsubiri huyo mwanamke. Hakuja mtu. Angekuja ningemchukia, yakaisha. Huyu ananikimbia bila kwenda kokote.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia anipitie kazini, gari langu bovu. Uongo. Na mimi nimejua kudanganya.

Taa ya kwanza kijani. Ya pili kijani. Anazidi kupunguza mwendo.

"Barabara nyeupe," nikasema.

"Leo tu."

"Tangu wiki jana. Nimekuona maegesho."

Tukafika njia panda — kijani — akasimama. Honi nyuma yetu. Magari yakajazana, na taa, kwa kuyahisi, ikazidi kutuongezea muda. Kazi ya mikono yangu hiyo.

"Kijani, Baba Watoto."

"Naiona."

"Nyumbani pana nini?"

"Hapana kitu."

Akaondoa gari. Sijui alikuwa ananituliza, au ndilo jibu lenyewe.

Sasa naandika chumbani. Yeye yuko sebuleni, viatu miguuni, funguo mkononi. Mtoto wetu mdogo kamwuliza, "Baba, unatoka?" Nimeacha kuandika nisikie. Bado hajamjibu —