Raundi Niliyomnyima Mdogo Wangu

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ule moshi wa pasi ya mkaa, bado unakukohoza? Mimi ni mzima, ila siku hizi sikai. Hata barua hii naiandika nimesimama kwenye kaunta ya duka la kopi, na mteja mmoja ananitazama kana kwamba karatasi ninayotumia ni yake.

Kitindamimba wako alifika salama. Amelala kwenye kochi langu, miguu nje kama kuni ndefu kwenye jiko dogo. Anakula vizuri, usihofu.

Umeniuliza ni kazi gani hii ya kupiganisha watu. Mama, hakuna anayeguswa. Watu wawili wanakaa kwenye viti mbele ya televisheni, kila mmoja ameshika kontrola, kile kifaa cha vitufe ulichokuwa ukikificha juu ya kabati wakati wa mitihani. Wanaopigana ni wale wa ndani ya skrini. Anayetangulia kupata raundi tatu anasonga mbele. Ukisikia hivyo utadhani kazi yangu ni kukaa na kupuliza kipenga. Thubutu!

Wamejiandikisha watu zaidi ya sitini, nami nina televisheni sita za kuazima. Moja ina ugonjwa wa uvivu: unabonyeza sasa, ngumi inatoka baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Anayeshindwa kwenye televisheni ya namna hiyo hailaani televisheni, ananilaani mimi. Halafu kuna wachelewaji. Mmoja akienda kununua soda, mechi zote za nyuma yake zinakwama. Halafu kuna kontrola zisizo na waya. Mtu akimaliza kucheza asipoitenganisha yake na mashine, ikibonyezwa hata ndani ya begi inasimamisha mchezo katikati ya ngumi. Ndiyo maana nimeweka kanuni: kontrola ikisimamisha mchezo, mwenye nayo anapoteza raundi. Awe nani, awe nani.

Na msimamizi wa ukumbi, yule mzee mwenye funguo kiunoni, amesema jioni ikifika jengo linafungwa, hata kama watu wako hewani wanarushiana mateke.

Mashindano ni tarehe 24. Mdogo wangu naye amejiandikisha. Anacheza vizuri mno, Mama. Akishika kontrola anatulia, yeye asiyetulia hata akioga. Nina wasiwasi, sijui wa nini.

Binti yako


12 Machi

Binti yangu,

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Kikohozi kimepungua. Majirani wanakusalimu.

Wameniuliza siku hizi unafanya kazi gani, nikasema yuko kwenye michezo. Mmoja akauliza, "Mpira?" Nikamjibu, "Zaidi ya mpira." Akanyamaza kwa heshima.

Sasa nisikilize. Mwenzio unamjua. Chuo aliacha, gereji aliacha, kwa fundi umeme hakumaliza hata wiki. Tangu baba yenu atutoke hajaanza jambo akalifikisha mwisho nikaliona. Hili peke yake ndilo naona amelishika kwa mikono miwili. Na mwenye mashindano ni wewe. Sijasema umpe ushindi, usininukuu vibaya. Lakini wewe ndiye unayepanga nani akutane na nani. Damu nzito kuliko maji. Mpangie wale wepesi mwanzoni, apate moyo. Nani atajua?

Jana nilikuwa nawaza hayo nikaichoma suruali ya mwalimu mkuu. Nimetia kiraka kwa ndani. Ukikutana naye usimtazame magoti.

Mwambie mwenzio asilale feni ikimpiga kifuani.

Mama yako


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimecheka habari za suruali mpaka mteja akacheka bila kujua anachekea nini.

Hilo uliloniomba siliwezi. Wale wanaojulikana kuwa hodari nawatenganisha ili wasikutane mapema, na wengine wote nawapanga kwa kura mbele ya macho yao. Watu wakinusa tu kwamba nampangia ndugu yangu, mara ya pili hawaji, na mashindano yamekufa. Halafu yeye mwenyewe hataki. Nilimtania kwamba Mama anataka nimbebe. Akaniambia, "Dada, ukinibeba nitajuaje kama natembea?"

Feni nimeihamisha.

Binti yako


27 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua unangoja habari, na najua unangoja zipi. Kaa chini kwanza.

Tulichelewa kuanza. Ile televisheni mvivu niliiondoa, zikabaki tano, foleni ikafika ngazini. Kwenye mechi za asubuhi kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa hospitali, ameomba ruhusa kazini ili aje kucheza. Alikuwa anaongoza, mara kontrola yake ya akiba ikasimamisha mchezo kutoka mkobani. Nikamnyima raundi, na mechi akaipoteza. Aliniangalia, akasema, "Basi, kanuni ni kanuni," akaenda kukaa na watazamaji.

Mdogo wangu alipanda, Mama. Alimtoa huyu, akamtoa yule, mpaka ukumbi ukaanza kumjua. Fainali akakutana na muuza viatu, bingwa wa mwaka jana. Wakaenda raundi mbili kwa mbili. Ya mwisho, muuza viatu amebakiza uhai mwembamba kama uzi. Watu wamepanda juu ya viti. Mzee wa funguo yuko mlangoni anazitingisha. Mdogo wangu akasogea mbele kwenye kiti, mguu wake ukaligonga begi lake pale sakafuni, na mchezo ukasimama.

 Begini mlikuwa na kontrola yake ya zamani, aliyoichezea asubuhi kwenye mashine ileile. Hakuitenganisha.

Muuza viatu akainua mikono. "Turudie tu raundi," alisema. "Mimi sitaki kushinda hivi."

Watu wakapiga makofi. Nami nilitaka kukubali, Mama, ulimi ulikuwa umeshainuka. Ndipo nikamwona mpishi wa hospitali kwenye safu ya pili, mikono mapajani, ananitazama.  Asubuhi hakuna aliyempigia makofi ili arudie yake.

Nikashika kipaza sauti nikasema, "Raundi ni ya muuza viatu. Mashindano yamekwisha."

Kisha nikaanza kuchomoa nyaya, maana mzee alikuwa ameshazima taa za nyuma. Nilipoinua kichwa, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu. Begi kaliacha. Tangu siku hiyo hajalala kwangu na simu yake haipatikani. Nimekwenda gereji zote za mtaa huu. Nimewauliza wachezaji. Nikikaa nahisi nasikia mlango, nikisimama nahisi nimechelewa mahali.

Mama, yuko huko?

Binti yako


4 Aprili

Binti,

Hayupo.

Nimekwenda stendi kila basi lilipofika, goti au si goti. Nimewatazama wote wanaoshuka mpaka kondakta mmoja akaniuliza nimepoteza mzigo gani. Nikamwambia, wa kuzaa.

Aliyeshinda mwenyewe alisema warudie. Ukumbi mzima ulisema warudie. Wewe ni nani hata uwe mkali kuliko yeye? Nilikuomba mechi nyepesi ukaninyima, nikanyamaza. Sasa nakuomba mwanangu. Mtafute. Na mpaka umpate, usiniandikie habari za televisheni.

Mama yenu


19 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Yupo, na ni mzima.

Nimemzunguka kama kipofu anayetafuta fimbo aliyoishika. Yuko kwa muuza viatu! Analala kwenye stoo yake, na mchana anampangia viatu kibandani nyuma ya soko. Muuza viatu aliponiona alisema kabla hata sijamsalimu, "Nilimwambia akutumie habari. Ana kichwa kigumu kama soli."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo anafunga kamba za viatu. Hakuinuka.

"Unadhani nimekasirikia raundi," alisema.

Nikamjibu ndiyo.

"Kontrola ilikuwa yangu, Dada. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kipaza sauti ningesema hayohayo."

"Sasa ni nini?"

"Uliwaambia ukumbi. Mimi hukuniambia kitu. Nilikaa pale nangoja unitazame tu, mara moja. Wewe unakunja nyaya."

Nilikuwa na maneno tayari, habari za mzee wa funguo, taa, televisheni za watu. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Pole, mdogo wangu." Akachukua kiatu kingine. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae. Nikakaa. Nilikuwa nampa viatu, yeye anafunga kamba, mpaka kibanda kikafungwa. Kurudi kwangu amekataa.

Nijibu, Mama, hata kwa mstari mmoja.

Binti yako


25 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili tangu nimpate na hujajibu. Labda ni posta. Labda ni wewe.

Mdogo wangu alinipitia dukani Jumatatu. Alisimama mlangoni akasema anakuja nyumbani kukuona, akaondoka kabla sijamaliza kopi za mteja. Nadhani ameshafika.

Mashindano mengine ni tarehe 21 Juni. Kontrola zote sasa zinabaki mezani, kuna mtu wa kuzitunza, hakuna begi karibu na mashine. Na nimeongeza upande wa pili: anayeshindwa mara moja hatoki, anashukia huko na kuanza kupanda upya. Akishindwa tena ndiyo basi. Mchelewaji ataitwa mara tatu. Asipotokea, anahesabiwa ameshindwa mechi hiyo.

Jina la mdogo wangu nimeliona miongoni mwa waliojiandikisha. Sijui ni yeye au ni mtu ananichezea. Silali, Mama. Naamka naenda kupima televisheni nilizokwisha kuzipima.

Binti yako


29 Juni

Binti yangu,

Marahaba, hata kama bado hujaniandikia. Tumefika nyumbani salama kutoka huko kwako, mimi na mwenzio. Goti limevimba, lakini hiyo ni haki yake, nimelitembeza mno. Pasi sijaishika tangu nirudi. Wenye nguo zao wasubiri.

Sikukuambia nakuja kwa sababu nilikuja kwa shari. Nilimwambia mwenzio, twende wote nikamwone kwa macho yangu huyo hakimu. Nawe unajua basi lilivyotuchelewesha. Tulipoingia ulikuwa umeshamwita mara tatu. Nikajipenyeza mpaka mezani kwako nikakuambia, "Ni basi, mwanangu, shahidi ni mimi." Ukasema, "Shikamoo, Mama," ukanipita! Mimi, mama yako, ukanipita kama nguzo. Ukamwendea mwenzio, ukamshika mabega, ukamtazama usoni.

"Ya kwanza umeshahesabiwa umeshindwa," ulimwambia. "Umeshukia upande wa pili. Najua si kosa lako. Utacheza?"

Akasema, "Nitacheza, Dada."

Nilikuwa nimefungua mdomo nikupasulie mbele ya watu. Nikaufunga.

Kucheza alicheza. Alipanda mpaka yule mpishi wa hospitali alipomtoa, na wamesema nafasi ya tatu si haba. Mimi nilipiga kelele mpaka nikaletewa maji. Nilikuwa namshangilia mwenye nguo nyekundu kwenye skrini, kumbe mwanangu ndiye wa bluu. Mpishi amenishukuru kwa kumpa moyo.

Lakini siyo hilo lililonikalisha kuandika. Wenzangu wote walikuwa wanatazama skrini. Mimi skrini siielewi, nikawa nakutazama wewe. Nilikuona unapandisha televisheni ngazi zile peke yako, umeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nilimwona yule kijana akikutukana kwa sababu picha ilikwama, nawe ukamjibu polepole, ukaenda nyuma ya pazia, ukarudi macho mekundu, ukaita jina linalofuata kwa sauti ileile. Walikuletea chakula ukakiweka juu ya spika. Watu wanaondoka, chakula bado kiko juu ya spika.

Mwenzio alipotolewa, ukumbi mzima ulimzunguka kumpa mkono. Wewe ulipomaliza hakuna aliyekuzunguka. Ulipiga magoti kuchomoa nyaya. Mwenzio akaja akapiga magoti upande wa pili, mkawa mnachomoa, kama mlivyokuwa mkiokota vibanio vya nguo uani kwangu. Mimi nilibaki kwenye kiti, na shari yangu yote sijui iliingia wapi.

Mwenzio anarudi huko mwisho wa wiki. Amesema hatalala stoo tena, atandikiwe kochi. Nimemaliza habari zake.

Sasa nakuuliza zako. Unalala? Nani anakusaidia kubeba? Yule kijana alikuambia neno gani hata ukaenda nyuma ya pazia? Na mashindano yakiisha, watu wameondoka, ukumbi umefungwa, wewe unakwenda kwa nani?

Nijibu hayo, na usiniandikie habari za mtu mwingine.

Mama yako