Wavu wa Ghalani na Mipaka ya Mama

Mwandiga, Kigoma
Jumapili, 14 Septemba 1997

Mpendwa dada Asnath,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Usangi, na baridi ya mlimani isiwe imekurudishia kile kikohozi. Shemeji hajambo? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi malaria imeniachia mwili, lakini mgongo haunyooki vizuri. Nashukuru natembea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema jicho moja la mama limefungwa kabisa na mtoto wa jicho, na la pili linaona ukungu tu. Kila siku anauliza nakuja lini anionyeshe mipaka ya shamba kabla hajapofuka, maana baba mdogo ameshang'oa masale ya mpakani upande wa mfereji. Dada, hakuna siku ninayobeba gunia bila kuyawaza hayo masale.

Ruhusa nimeomba mara mbili, nimenyimwa. Msimamizi wetu, Bwana Theophil, si mtu mbaya. Lakini wakimbizi bado wanashuka kutoka ng'ambo ya ziwa, na malori ya chakula ya kwenda kambini yanapakiwa hapa ghalani kila siku. Nilipoomba mara ya tatu akaniambia, "Ongoza wewe kikao cha Ijumaa. Wenzako wakionyesha kwamba kazi inakwenda bila wewe, nakuandikia ruhusa siku hiyohiyo."

Kikao chenyewe alikileta yeye kutoka mafunzoni Arusha. Kila majuma mawili tunasimamisha kazi saa moja, tunatazama nyuma: lipi lilikwenda vizuri, lipi lilitukwamisha, tubadili nini. Anasema hatutafuti mchawi, tunatafuta njia. Na ili watu wasisinzie, kila kikao kina mfano wake. Cha kwanza kilikuwa mechi ya mpira, cha pili chungu na mafiga.

Mimi nilikwenda Kibirizi kwa wavuvi nikaazima wavu mkuukuu, nikautundika ukutani ghalani. Kila mtu nikampa kitambaa cheupe na cheusi. Cheupe ukifunge kwa jambo jema tulilolivua majuma haya mawili, cheusi ukifunge penye tundu lililotupotezea samaki. Nilijiona nimepata akili kweli.

"Haya mchungaji, ibada ianze," alisema Leodgar, mchukuzi mwenzangu, asiyeweza kukaa bila utani.

Akawa wa kwanza yeye mwenyewe, na kitambaa cheusi. "Juma alilougua huyu Mpare, rundo la magunia lilituangukia." Meshack, ambaye ndiye aliyevunjwa mguu na rundo hilo, alichechemea akafunga cheusi chake palepale. Wa tatu naye palepale.

Winfrida, mama wa Kiha anayeshona magunia yaliyopasuka, alichukua cheupe. Hakukifunga kwenye wavu. Alikifunga kwenye kamba ya juu. "Kaka Elinipa ndiye kamba," alisema. "Kamba ikiondoka, huu si wavu tena, ni matambara."

Wakapiga makofi, dada. Sheria ya kikao ni kwamba anayeongoza habishi, anapokea tu. Basi na mimi nikapiga makofi, huku najiona ninavyofungwa. Bwana Theophil akairudisha kalamu mfukoni.

Likabaki swali la mwisho, tubadili nini. Winfrida akauliza, "Lakini mwaka wa pili huu, mbona hujatufundisha kupanga magunia?"

Nitakuambia ukweli kama nilivyowaambia wao. Ili rundo lisianguke, tabaka moja la magunia hulazwa kwa urefu, la juu yake kwa upana, midomo ikitazama ndani, na pembe zina namna yake ya kufungamana. Mimi kila nilipofika kwenye pembe niliwatuma wenzangu, huyu akalete maji, huyu ufagio. Niliogopa wakijua wote nitafukuzwa kazi. Kumbe mlango niliufunga mwenyewe, nikiwa ndani. Na mguu wa Meshack uko shingoni mwangu.

Kisha Leodgar akasema, "Kumbe mchawi tuliyekatazwa kumtafuta ndiye aliyetuitia kikao!" Wakacheka hata Meshack. Mimi nilishindwa.

Imeamuliwa niwafundishe Leodgar na Winfrida kuanzia kesho. Rundo watakalolipanga wao likisimama hadi mwisho wa Novemba, ndipo niondoke. Nimehesabu siku, nikalitazama jicho la mama kwenye barua yako. Sitawahi.

Sasa nisikilize. Najua mama anasema mipaka huonyeshwa mtoto wa kiume. Mwambie mimi ndiye mwanawe wa kiume, na nimesema akuonyeshe wewe. Usingoje Krismasi, nenda juma hilihili. Mchukue mzee Bonaventura na jirani mwingine wawe mashahidi. Mshike mama mkono, mtembee naye sale kwa sale, na kila moja ulifunge kitambaa cheupe. Pale baba mdogo alipong'oa, mama akisema "hapa", panda sale jipya hapohapo wakiona. Mama akikataa, msomee habari ya pembe za magunia, kisha umwulize kama anataka kufanya kama mimi.

Nikija nitakuomba wewe unitembeze.

Nisalimie shemeji, shangazi Honorata, na Selina wangu, mwambie baba yake hajamsahau. Mama mpe shikamoo yangu kwa kumshika mikono yote miwili. Mungu amwachie mwanga wa kutosha kufika hadi mferejini na kurudi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliye mbali,

Elinipa