Fomu ya Manino

Jumatatu, 4 Septemba

Saa mbili nzima wanabishania kitambaa! Kamati ya akina mama, wanawake ishirini na sita, watu wazima na akili zao, na hoja ya siku ni sare ya kuvaa siku ya chanjo. Zambarau yenye maua meupe, au njano? Mama Asenati, mke wa mchungaji na mwenyekiti wetu wa maisha, anataka zambarau. Wa njano wakanuna. Nusura washikane nywele.

Nikainuka. Nikasema tarehe kumi na tisa wasichana wanachanjwa shuleni, fomu ni thelathini na moja, kila moja inataka sahihi ya baba. Tuuzungumzie basi ugonjwa wenyewe — saratani ya mlango wa kizazi. Mama Asenati akakohoa. Akasema muuguzi apunguze sauti, kuna wanaume wanaezeka hapo nje.

Alhamisi iliyopita kamati hiyohiyo ilikuja kwangu kwenye ukaguzi. Wakahesabu shuka zangu. Wakanusa choo. Wakainua mikeka kutafuta vumbi. Choo changu kinazungumzika mbele ya kijiji kizima, ila mlango wa kizazi ni matusi. Mfyuu!

Zambarau imeshinda.

Jumatano, 6 Septemba

Mkutano wa elimu, ukumbi wa kanisa. Watu walijaa — harufu ya nyama ya kopo na mashelisheli ya kuoka iliwaita kuliko tangazo langu. Nilileta picha kubwa kutoka wilayani: tumbo la uzazi, mlango wake, mahali kirusi kinapokaa miaka na miaka bila kuuma. Nilipogeuka kuchukua fimbo, Mama Asenati alikuwa ameshaifunika kwa lavalava ya mtu, kitambaa cha kujifunga kiunoni. Nyekundu, ina picha ya kasa. Nikabaki naelekeza fimbo kwa kasa.

Lakini nisimsingizie kasa. Aliyeniziba mdomo ni Iakopo. Kaka yangu, mkuu wa ukoo wetu, aliingia na wazee wenzake akaketi mbele kabisa, mita mbili kutoka nilipo. Mbele ya kaka na dada neno la mwili halitamkwi. Hata mimba watu huizungukazunguka. Na ukumbi mzima ulikuwa makaka na madada! Wote wakainamia mikeka.

Nikasema "ugonjwa wa akina mama." Nikasema "sehemu ile." Mzee mmoja akauliza, kwa adabu zake zote: kama ni ugonjwa wa akina mama, mbona mnawachoma watoto? Swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Jibu ninalo, ni fupi: kirusi huingia kwa kujamiiana, kwa hiyo kinga itangulie. Iakopo ananitazama. Nikajibu kwamba wizara imeagiza hivyo.

Wizara imeagiza! Miaka ishirini na miwili nimevaa sare ya uuguzi. Nimejichukia mpaka chakula kikanishinda.

Ijumaa, 8 Septemba

Nilichokiacha wazi, wenzangu wamekijaza. Dukani nimesikia ni sindano ya kufunga kizazi. Bombani nikasikia ni ya wasichana walioharibika tu, na kwamba orodha ya majina iko mjini Apia. Na ni watu walewale! Mwaka ule wa surua walifunga vitambaa vyekundu mbele ya nyumba zao ili tusiwapite bila kuwachanja, wakatushika mikono kutushukuru. Leo nikipita wanawaita watoto ndani.

Fomu zilizorudi na sahihi: tisa.

Jioni kaja wifi Pelenise, mke wa Iakopo, na kapu la mashelisheli. Chini ya mashelisheli, fomu ya Manino, binti yao. Kaificha kama gongo. Imepigwa mstari kutoka kona hadi kona.

"Kasema binti yake si malaya," akanong'ona.

"Katamka hivyo?"

"Kwangu mimi mkewe, wifi. Kwako angekufa kwanza." Akaniwekea kapu miguuni. "Mwambie wewe. Wewe ndiye dada, hakunyimi kitu."

Haninyimi, kweli. Samaki wa kwanza ni wangu. Mgongo wa nguruwe ni wangu. Nikimwambia abomoe nyumba yake leo atauliza tu aanze na nguzo ipi. Lakini kumwomba hili ni kulitaja, na nikilitaja nimemvua nguo.

Manino alikuwa nje akinisubiri anisalimie. Miaka kumi na moja. Anapanda mnazi kuwashinda wavulana, na "shangazi!" yake inasikika ng'ambo ya rasi. Nilimtazama mno. Akaniuliza kama ana kitu usoni.

Nimempa Pelenise fomu nyingine, safi.

Jumapili, 10 Septemba

Chakula cha mchana kwa Iakopo baada ya ibada. Sahani yangu ikaja ya kwanza: magimbi, majani ya magimbi kwenye tui, kipande cha nguruwe kinene kama Biblia. Nikajaribu kwa mbali. Nikasema siku hizi magonjwa ni mengi. Akasema ndiyo. Nikasema kinga ni bora kuliko tiba. Akasema Mungu ni mwema. Nikasema mabinti hasa—

Akasimama! Kaka yangu, kilo mia na ishirini, akatoka na sahani mkononi, akaenda kula chini ya mnazi na mbwa. Pelenise akaficha uso kwenye kanga ya mtoto. Sijui alikuwa analia au anacheka. Tunaitwa watu wa heshima. Heshima gani hii ya kukimbia na magimbi?

Jumanne, 12 Septemba

Daktari kapiga simu kutoka Apia.

Mwezi wa sita nilijipima. Kijiti cha pamba, unajichukulia mwenyewe, dakika moja. Nilifanya ili niwaambie akina mama kwamba hakiumi. Nilikuwa mfano! Kikarudi na kirusi. Nikaenda Apia, wakachungulia, wakakata kipande kidogo cha nyama wakapime. Nikarudi na kuwaambia watu nimekwenda kununua vitasa.

Ni saratani. Changa bado, kasema. Ikitolewa sasa nitapona. Kitanda kipo, nilazwe tarehe ishirini, jibu wanataka kabla. Nikasema nitapiga.

Sipigi. Kijiji kitajua ni wapi nimekatwa. Kwenye nyumba hizi zisizo na kuta mtu akipiga chafya upande huu, upande ule wanaitikia. Na yule ambaye hajaolewa ameupata wapi? Tayari nawasikia.

Mama alikufa kwa hiki hiki. Mimi ndiye niliyemfulia vitambaa, nikiwa na miaka kumi na tisa. Ile harufu! Nilikuwa nafulia mbali, mto unapoingia baharini, kwenye maji ya chumvi, na mikono ikanuka mpaka Krismasi. Iakopo tukamwambia ni tumbo. Alikuwa kaka na mwana, asingeweza kuambiwa. Mpaka leo, kila mwaka siku ya kifo chake, anawaambia watoto wasile papai bichi.

Alhamisi, 14 Septemba

Mlango wa nyuma wa zahanati, nakaribia kufunga. Mama Asenati! Bila sare, bila mwavuli, kanga kichwani kama mwizi wa kuku.

Anatoka damu. Miezi mitano. Ameshakoma hedhi tangu miaka minane iliyopita.

Nikamtazama yule aliyeifunika picha yangu. Nilitamani kumuuliza kama kasa anasemaje. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Kisha nikaona kucha zake, bado zina rangi ya zambarau ya kile kitambaa. Nikampa kijiti, nikamwonyesha pazia. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka akanishika kifundo cha mkono.

"Usimwambie mtu, muuguzi. Hata mchungaji. Mchungaji hasa."

Nikamwambia damu ya namna hiyo haisubiri majibu ya kijiti, nimemwandikia barua, aende Apia wiki hii. Kaikunja ikawa ndogo kama kidonge, kaitia kwenye nywele.

Nikamwambia: wewe nenda. Usiogope. Ni jambo la kawaida, wanawake wengi wamepona. Maneno matamu matamu. Na mimi mwenyewe daktari sijampigia! Ptuu! Nilinawa mikono mara tatu na kinyaa hakikutoka, kwa sababu hakikuwa mikononi.

Jumamosi, 16 Septemba

Fomu kumi na moja.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimefanya. Niandike upesi kabla sijaona aibu hata ya kuandika.

Kulipopambazuka nilitoa mkeka wa mama, ule mwembamba wa ukoo, laini kama hariri, unaotolewa kwenye misiba mikubwa tu. Nikaenda mbele ya nyumba ya Iakopo, nikakaa chini kwenye changarawe, nikajifunika kichwa mpaka miguu. Nimeona wakifanya hivi wanaume waliokuja kuomba radhi kwa kuua. Unakaa hapo mpaka uliyemkosea aje akufunue. Asipokuja, hujasamehewa. Sijawahi kuona mtu aliyeomba radhi kwanza ndipo akatenda kosa.

Kijiji kiliamka. Nilisikia mafagio yakisimama. Nilisikia nyayo za Iakopo kwenye kokoto — ninazijua. Zikasimama.

Nikasema kwa chini ya mkeka, "Nisamehe kwa ninayotaka kusema."

Nikayasema yote. Mlango wa kizazi. Kujamiiana. Kwamba chanjo haimfanyi mtoto kuwa chochote, na kwamba haiwachagui malaya, kwa sababu kirusi hakichagui. Mume mmoja tu anatosha kukileta. Nikasema nami ninacho, na kimeshakuwa saratani. Nikasema nimeitwa Apia tarehe ishirini na sitaki kwenda. Joto chini ya mkeka! Jasho likaniingia machoni. Nilishukuru sikumwona.

Kuku wakaja wakadonoa pindo.

Kisha akasema, sauti si yake: "Na mama?"

Nikasema, "Naye."

Nyayo zikaondoka. Zikapita nyumba, zikaelekea shamba. Nilikaa hapo mpaka jua likawa utosini. Aliyenifunua ni Pelenise, akilia, na maji kwenye kifuu. Wifi kunifunua hakuhesabiki, sote wawili tunajua. Nikamwachia mkeka pale pale. Si wangu tena mpaka Iakopo aseme.

Sasa kijiji kizima kinajua. Nilipopita dukani mtu mmoja aliivuta sketi yake isiniguse. Sikumtukana. Nimekosa hata nguvu ya kuchukia, na hiyo ndiyo inanitisha.

Fomu ya Manino haijarudi.

Jumanne, 19 Septemba, shuleni

Saa tatu. Boksi la barafu limefika, chupa zote ziko sawa. Kamati iko kwenye benchi, zambarau tupu, wanatafuna. Mama Asenati hayupo — alipanda meli ya alfajiri, wanasema kwenda kununua vitambaa vya Krismasi. Nenda, mama. Nunua vingi. Kabla ya kuondoka amemwachia mwalimu fomu ya mjukuu wake, ina sahihi, na ile lavalava ya kasa. Mwalimu Lauina akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia turubai. Picha yangu iko ukutani, uchi kama ilivyo.

Saa nne na nusu. Kumi na nne wamechomwa. Baba wawili wamekuja wenyewe na fomu mkononi, wakasaini ukutani bila kuitazama picha. Mmoja kaniambia nimeitia ukoo wangu aibu. Kasema hivyo, kisha kamvuta bintiye mbele na kumkunjia mkono wa gauni.

Saa tano. Manino! Anaingia langoni mbele ya baba yake, nywele zimesukwa kwa mafuta, mdomo kaubana. Iakopo yuko nyuma. Kwapa moja kabeba mkeka wa mama, umekunjwa vizuri. Kwapa la pili mkeka mwingine, wa kawaida, wa kulalia, umefungwa kamba. Fomu iko kwenye meno.

Hanitazami. Kasimama upande wa Mwalimu Lauina, wazambarau wote wameacha kutafuna. Ameweka mkeka wa mama juu ya meza yangu, juu ya daftari la chanjo. Kisha amechukua kalamu yangu. Haandiki. Anaongea na mwalimu, nami niko hatua moja, kama vile sipo.

"Mwambie muuguzi nimeshasikia. Meli ya kesho ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie kule wodini nitalala chini, karibu na kitanda, mkeka ninao. Akisema ndiyo, natia sahihi. Akisema hapana, narudi na mwanangu."

Mwalimu kanigeukia, kayarudia yote, neno kwa neno, masikini, uso umemwiva. Manino kashakunja mkono wa gauni mwenyewe. Ananitazama mimi, si sindano.

Naandika hili kwa penseli, najifanya nahesabu chupa. Kalamu bado iko juu ya karatasi, haijagusa.

Mwalimu ameuliza mara ya pili: ndiyo au hapana?