Mawe ya Kidude cha Baba

Jumatatu, 12 Oktoba 1998

Nimepiga taipu mitihani tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mvua ilikuja saa nane kama kawaida, watu wakajazana dukani kujikinga. Hakuna aliyenunua kitu. Kuchungulia tu kompyuta mpya ya Dinesh, mwenye duka.

Kidude cha Baba, kikompyuta chake cha mkononi, kiko mkobani. Nimekipapasa siku nzima kama mtu aliyebeba yai. Operesheni ya koo, ya pili, ni Alhamisi wiki ijayo, Kisumu. Ile ya kwanza ilimwondolea sauti. Tangu hapo Baba anaongea kwa vidole: anaandika kwenye kidude, sisi tunasoma. Kidude aliachiwa na mwalimu wa kigeni aliyefundisha naye, na hata siku hiyo kilikuwa kishapitwa na wakati. Humo ndani ameandika maisha yake yote, kwa Kiswahili chake cha ubaoni, tangu kuzaliwa kwenye kambi ya vibarua wa mzungu kule Nyansiongo. Anataka niyahamishie kwenye kompyuta, niyachape. Aliniandikia: "Nisipoamka, yasibaki ndani ya kitu cha betri."

Nisipoamka. Sitaki hata kuliandika neno hilo.

Jumatano, 14 Oktoba

Imegoma. Waya wa kidude una mdomo mpana, tundu la kompyuta mpya ni dogo. Programu yake iko kwenye disketi pana ya kizamani. Kompyuta haina pa kuitia. Dinesh akasema, "Dada, hii ni kufunga jembe la ng'ombe nyuma ya ndege." Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia.

Dinesh amempigia simu kaka yake Kisumu amtumie kipande cha kuunganisha, kwa basi.

Kidude nacho kimeanza kutoa onyo: betri hafifu. Kina mawe mawili ya kawaida, kama ya redio, halafu betri moja ndogo ya akiba, kama kifungo cha shati. Ukibadilisha mawe, hiyo ndogo ndiyo inayoyashika maneno. Ikiwa imekufa, kwisha. Na sijui kama ni nzima. Fundi wa saa wa hapa Suneka hana ya kuibadilisha. Kwa hiyo sithubutu kugusa mawe. Nakizima, nakaa nikikitazama.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kipande kimefika. Tuliunganisha mchana. Kwenye skrini zikamwagika takataka: mabano, mistari, vikatuni. Nilidhani maneno yameoza humo ndani. Dinesh akanisogeza kitini. Akapunguza kasi ya kompyuta. "Huyu ni mzee," akasema. "Mzee unaongea naye polepole."

Tukajaribu tena. Herufi zikaja moja moja. "Nilizaliwa msimu wa kuvuna pareto." Baba. Baba mwenyewe, kwenye kioo kikubwa.

Halafu stima ikapotea. Mji mzima. Ukurasa ukaenda nayo. Tulingoja hadi kufunga duka. Haikurudi.

Lakini njia tunaijua sasa. Ndani ya kidude kila kitu kipo. Jumatatu asubuhi, na stima kidogo tu, basi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Stima bado. Nimekuja nyumbani, Kebirigo. Ilibidi nije na kidude. Ndugu zake Baba wanakuja kumwombea kesho, hawezi kukaa nao bubu.

Wiki hii bila kidude amekonda. Nilipompa alikishika kwanza bila kuandika. Kisha: "Mama yako ameninyima pilipili." Mama akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akajibu, "Koo lako ndilo limekunyima." Mama hakukanyaga shule. Kusoma amejifunzia kwenye kidude hicho, uzeeni, maana hakukuwa na njia nyingine ya kumsikia mumewe.

Nimewaambia wote kidude kitumike kidogo. Nikasema, "Mawe yamechoka. Mungu ayatie nguvu mpaka Jumatatu." Nimesema hivyo hivyo. Mama alikuwa anasikiliza.

Jumapili, 18 Oktoba

Ameyaanika.

Nilikuwa nimekwenda kanisani na ndugu zake Baba. Mama alibaki kupika. Jua likatoka vizuri, akayatoa mawe akayaanika kwenye uteo pamoja na wimbi, kama tunavyoanika mawe ya redio tangu nizaliwe. Hata mimi nimeyaanika mara ngapi. Na ile ndogo pia. Aliifungua kwa ncha ya kisu ili nayo ipate jua. Niliporudi aliniita niione, amefurahi. "Angalia, yamepata moto."

Nilirudisha yote mbio. Kidude kikawaka. Kikaniuliza tarehe. Hilo tu. Hakina neno hata moja.

Nilimpigia Mama kelele mbele ya wageni. Maneno mabaya. Alikaa chini pale pale karibu na uteo. Baba alinishika mkono, akautikisa kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Halafu akaenda akakaa naye chini.

Najichukia. Mdomo wangu ndio uliosema mawe yamechoka.

Jumanne, 20 Oktoba

Dinesh ameniambia nisirudi kazini mpaka baada ya operesheni. Sijalala vizuri. Nawaza atakufa na maisha yake yamepotea kwa ajili ya jua la siku moja.

Leo Mama, akichambua mboga ya rinagu, akaanza bila kunitazama: "Nilizaliwa msimu wa kuvuna pareto. Bibi alinifunga kwa shuka ya mzungu iliyotoboka." Kiswahili cha Baba, si chake. Mama hasemi "iliyotoboka".

Niliacha kisu. Nikamuuliza ameyajuaje. "Mimi nasoma polepole," akasema. "Kitu ukikisoma polepole hakitoki. Na alinirudisha mwanzo kila nilipokosea."

Nikakimbilia kalamu. Baba akavuta kiti karibu. Akigonga meza mara moja, ni sawa. Mara mbili, Mama amekosea. Aligonga mara mbili sana tu, na Mama akamkatalia nusu ya hizo, hata aliposhikilia kwamba ng'ombe wa kwao walikuwa watatu. Nimemwomba Mama msamaha. Akasema niandike, asije akasahau.

Alhamisi, 22 Oktoba

Kisumu. Joto. Wameshamwingiza Baba.

Jana nilinunua mawe mapya, na Dinesh akapata betri ndogo kwenye kikokotoo kibovu. Nimeufunga mfuniko kwa mpira. Mama ameuona mpira huo.

Kabla hawajampeleka, Baba aliomba kidude. Kiliuliza tarehe. Akaweka ya leo, taratibu, kisha akaandika, akamgeuzia Mama. Mama alisoma kwa kidole, muuguzi akingoja na kitanda. Alichukua muda wake. Hakuna aliyemharakisha.

"Ng'ombe wawili, si watatu. Nikirudi nitasahihisha."

"Watatu," Mama akamwambia. Baba akagonga chuma cha kitanda mara mbili.

Sasa tumekaa kwenye benchi. Naogopa. Mama amekiweka kidude mapajani, kimezimwa. Amefika mahali Baba anapoanza shule. Anasema, mimi naandika. Idadi ya ng'ombe nimeiacha wazi, sijaandika wawili wala watatu.