Kochi la Viti vya Lori

Jumatatu, 4 Machi

Makochi yamefika! Gari la mizigo limesimama mlangoni kwangu na mtaa mzima umetoka kushuhudia. Mwanangu huyo! Mkuu wa idara kwenye bima, watu wazima na ndevu zao wanasimama akiingia ofisini. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini tumbo hili limezaa.

Makochi ya ngozi, rangi ya maziwa. Meza ya kioo. TV pana kama mlango. Kitanda kipya na godoro la kuzama. Mwanangu alimpeleka baba yake kwa kinyozi asubuhi, kusudi akirudi akute kila kitu tayari. Sapraizi, anasema. Huku nyuma mimi na mkwe tukasimamia vya zamani vitoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni wake akazoa vyote: kochi la viti vya lori, meza ya gurudumu la nyaya, redio kubwa na mitungi yake miwili, hata matofali tuliyoinulia kitanda. Nimebaki na vitambaa vyangu vya kufuma. Mkwe kasema kwenye ngozi vinateleza, mama. Basi nimevitia kwenye mfuko.

Fundi cherehani, jirani yangu, akachungulia. Haya mke wa waziri, sasa tukija tuvue viatu? Nikamwambia viatu mvue na miguu mnawe!

Mzee akarudi, kichwa kinang'aa. Akasimama kizingitini. Akapiga hodi. Kwake mwenyewe! Tulicheka mpaka mkwe akatokwa machozi.

Jumanne, 5 Machi

Leo sikucheka. Tangu jana jioni Mzee amekaa chini, karibu na mlango, magoti pamoja, kofia mkononi. Namwambia kaa kwenye kochi baba. Anasema hapana, tusije tukawachafulia. Kina nani? Wenyewe, anasema. Wenye nyumba. Wanarudi saa ngapi?

Kichwa chake kilianza kuvuja mwaka juzi. Daktari alisema ubongo umechoka, hautarudi. Sawa. Lakini humu ndani alikuwa hapotei! Akitoka chumbani mkono unagusa mgongo wa kochi, halafu ukingo wa meza, halafu mtungi wa kushoto, huyo mlangoni. Kama basi na vituo vyake. Atazoea tu. Kitu kizuri nani hakizoei?

Alhamisi, 7 Machi

Hajazoea. Chai anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru sana, anaiweka chini bila kunywa. Hataki kuwa mzigo, anasema. Usiku kalala sakafuni.

Nimeshinda nawaza vile vitu. Ajabu. Vilipokuwepo nilikuwa naviona aibu.

Lile kochi alilileta kabla hatujapata mtoto. Alikuwa fundi wa malori. Lori moja lilipinduka, tajiri akalitelekeza gereji, Mzee akafungua viti akaviunga kwa bomba za maji. Mkanda wa kiti cha dereva aliuacha. Eti kwa ajili yangu, nikianza kuringa nisianguke! Ndipo aliponipa lile jina, Maringo. Mimi nikashona foronya, nikafuma vitambaa, mgeni asiyejua akidhani tumenunua dukani.

Meza ilikuwa lile gurudumu la mbao linalozungushiwa nyaya za umeme. Tundu katikati. Mkuu wa idara wangu alisomea hapo tangu a-e-i-o-u, na maganda ya mkate asiyoyataka akiyatupa tunduni. Tulikuja kujua tulipohamiwa na panya.

Na redio! Redio ya santuri na kaseti, nzito kama jiwe la kusagia. Kitufe cha kuzungushia sauti kilipovunjika tukaweka kifuniko cha dawa ya meno, kikakaa miaka yote. Spika Mzee alizitoa kwenye basi bovu akazipachika kwenye midomo ya mitungi ya udongo. Besi ile! Vikombe vya jirani vilitembea kabatini. Umeme ukikatika tunatia betri, betri zikichoka tunazianika juani, na kaseti tunairudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize. Jumamosi jioni watu wanajaa mpaka dirishani. Mzee katoka gereji, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko, ananiambia Maringo, washa muziki. Siku hizo hakusema neno jingine akiingia. Wala salamu.

Sasa ni TV. Inaongea yenyewe siku nzima, Mzee anaiitikia kwa heshima.

Ijumaa, 8 Machi

Ameniita dada. Dada, sisi tunashukuru, tumekaa vya kutosha, tungependa kwenda nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu na mkwe wamekuja. Mzee alisimama akampa mwanawe mkono, akamwita mheshimiwa. Mwanangu akageukia ukuta.

Akampigia simu muuguzi wa kliniki. Swali la kwanza la muuguzi: mmebadilisha nini humo ndani? Mkwe akaangalia kucha zake, mimi nikaangalia zangu.

Mwanangu akasema mama, lakini ulikubali mwenyewe. Nikamwambia nilikubali, ndiyo, na nikamtangazia mtaa mzima. Usinikumbushe.

Kumbe alikuja na jambo. Kuna kituo cha wazee. Kizuri, kina bustani, wauguzi, kila mtu na kitanda chake. Kuna nafasi moja. Gari lao litakuja Jumatano alasiri. Nikamuuliza na mimi je? Utakuwa unakwenda kumwona, mama, kila Jumapili. Nikamwambia baba yako hajawahi kulala mahali ambapo mimi sipo, ila gereji. Akasema mama, baba hali, halali, na wewe umekonda, mnataka niwazike wote wawili? Analia akisema hivyo. Mwanangu ana roho nzuri, hilo hata fundi cherehani analijua.

Nikasema nirudishiwe kochi langu. Akikaa hapo akala, haendi. Mwanangu akafuta machozi. Halafu akasema haya, mpaka Jumatano.

Jumatatu, 11 Machi

Simu ya mnunuzi wa vyuma haipatikani. Mzee kanywa maji tu.

Jumanne, 12 Machi

Nimempata! Redio kaivunja zamani, katoa shaba. Mitungi, mmoja umepasuka. Kochi lipo. Walinzi wake wanalikalia. Akasema mama njoo kesho ulichukue, nitakupa na vibarua wa kulibeba. Nimemwombea dua ndefu, simu ikakatika katikati.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa huku kwenye uwanja wa vyuma. Daftari lilikuwa mkobani.

Nimekuja na Mzee, singeweza kumwacha peke yake. Fundi cherehani alitusindikiza mpaka barabarani, hakutania hata neno. Huku ni vyuma mpaka juu, milango ya magari, mafriji, kutu. Ganda la redio yangu nimeliona, limelala kifudifudi, tupu kama sufuria. Kifuniko cha dawa ya meno bado kipo. Nimekichomoa.

Kochi liko kibandani, chini ya bati. Foronya yangu imekuwa nyeusi. Mzee akaniponyoka mkono. Mkono wake ukagusa mgongo wa kochi, ukatelezea mbele kutafuta meza, meza hakuna, basi akageuka akaketi. Akavua viatu! Akashusha pumzi mpaka mabega yakaanguka.

Akaniangalia. Maringo, akasema. Umechelewa. Kaa.

Amekula mkate wangu wote, na chai ya mlinzi juu. Nimewaambia walinzi huyu ndiye baba wa mkuu wa idara. Wakamwamkia shikamoo mzee, naye akawajibu marahaba, kama mwenye mji.

Vibarua wamekuja kulibeba kochi. Mzee hainuki. Nimembembeleza, nimemtania, nimemwambia tunakwenda nyumbani. Akacheka. Maringo, nyumbani wapi tena? Nilipomshika mkono kumwinua akaufunga ule mkanda wa dereva kiunoni.

Kibarua mmoja kasema tuwabebe wote pamoja. Mwingine kasema mkokoteni hautaweza. Sasa wamekaa juu ya matairi, kamba mikononi, wananisubiri mimi niseme.

Simu. Mwanangu. Mama mko wapi? Niko hapa na gari la kituo, mlango umefungwa.

Nikamwambia tuko nyumbani.

Mama, nyumbani ndipo hapa nilipo mimi.

Mzee akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mwanao, yuko mlangoni. Mbona anasimama nje, akasema, kwao huyu, apite tu. Halafu akaegemea, akafumba macho.

Maringo, washa muziki.

Simu inalia tena. Kifuniko kiko kiganjani mwangu, nakizungusha.