Kaseti ya Shemeji Ntumba

Jumatatu, 8 Machi

Kosa la wengi wanaorekodi wazee wao: wanaanza na "Kwenu ni wapi?" Mzee anakutajia kijiji ambacho pengine hajawahi kukiona, kisha ananyamaza. Anaona kazi imekwisha. Anza na chungu. Uliza nani alimfundisha kusonga bukari, ugali wetu. Uliza mlango wa nyumba ya kwanza ulitazama wapi. Kijiji kitakuja chenyewe.

Shangazi wawili nimekwisha kuwarekodi. Leo zamu ya shemeji Ntumba, mjane wa kaka yangu. Barazani kwake, asubuhi, redio-kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa. Akanitania kabla sijabonyeza kitufe: "We mwalimu, hata maiti utaiuliza ilisoma darasa gani."

Babake alitoka Kasai, mkoa wa jirani, akiwa kijana. Mgodini kwanza, kisha akamwaga zege kwenye bwawa la Nzilo. Ntumba alizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Kasai hajafika.

Halafu, bila kuombwa, akaimba sifa za ukoo wa babake kwa Kiluba cha Kasai. Wanawake wa upande ule hulia na kujigamba kwa pumzi moja. Miaka yote aliyoishi na kaka yangu sikuwahi kumsikia. Sauti safi. Mbwa mmoja tu alibweka.

Jumatano, 10 Machi

Karakana nyingine imefungwa. Wanaume wanakaa mbele ya milango wakitazama barabara. Redioni mkubwa mmoja anasema wageni, yaani watu wa Kasai, ndio waliokula kazi zetu. Vijana wamefunga njia ya soko kwa gogo. Kila anayepita anaulizwa kwenu ni wapi. Swali lile lile nililowakataza wanafunzi wangu.

Ntumba alipita salama. Anasema Kiswahili kama sisi, na wengi wanadhani ni wa kaskazini ya mkoa huu huu kama mumewe. Mwanawe Kabwe, karani wa kampuni, hana wasiwasi. Kwetu mtoto ni wa baba. Kwa hiyo Kabwe ni wa hapa na aliyemzaa si wa hapa. Nimeliandika nione kama lina akili. Halina.

Jumamosi, 13 Machi

Desturi yetu: neno la mzee halihifadhiwi mpaka ndugu walisikie pamoja. Mwenye pingamizi aseme, msemaji akiwa amekaa pale pale. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa shangazi. Kabwe aliniomba tungoje. Nilikataa. Ni sisi kwa sisi, nilimwambia.

Walijaa uani. Kasongo, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikaa karibu kabisa na mashine. Hana kazi tangu karakana yao ifungwe. Ntumba ndiye aliyekuwa akimlisha. Sifa zilipoanza, wanawake waliacha kumenya karanga. Kasongo akaniomba nirudishe nyuma asikie tena. Nilifurahi. Nikarudisha, nikamweleza na maana, mstari kwa mstari.

Jumatatu, 15 Machi

Msalaba wa makaa kwenye mlango wa Ntumba: alama ya wanaotakiwa kuondoka.

Kasongo hakujificha. Nilimkuta njiani, akaniita tata, yaani baba, kama kawaida. "Mi sikusema kitu, tata mwalimu. Ni yeye mwenyewe alijisema." Vijana wamempa ile nyumba. Anapaswa kuhamia Ijumaa. Kumbe ndiyo sababu ya kusikiliza mara ya pili: apate ushahidi wa kuwapelekea.

Namchukia. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Nikaenda kwa mkuu wa mtaa kama mzee wa nyumba ya mume. Nikaeleza: tulimwoa kwa heshima zote, alimuuguza ndugu yetu, alimzika, ni wetu. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, "Na babake ni wa wapi?"

Nikaaga, nikatoka. Mimi, mwenye maelezo ya kila kitu. Kaseti ilikuwa imeshajibu.

Jumanne, 16 Machi

Kabwe alikuja. Nilidhani tutapanga namna ya kumficha mama yake. Alikuja kwa ajili ya kaseti.

"Baba mudogo, ile kitu ufute. Rekodi kwaya juu yake, itaisha. Mi niko na batoto."

Kaseti ina vijino viwili mgongoni. Ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Mimi sivivunji kamwe. Kaseti ni adimu, huzitumia tena. Kabwe anajua, nilimfundisha mwenyewe.

Nikamuuliza nani atamsindikiza mama yake hadi stesheni. Akatazama viatu vyake. Viatu vizuri.

Alhamisi, 18 Machi

Stesheni. Waliofukuzwa wamelala chini na cherehani, masufuria, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Treni ya Kasai inakuja itakapokuja. Nilibeba godoro la Ntumba. Kabwe hakuonekana.

Alikalia godoro, akanipigia kelele mbele ya watu wote: "Haya, mwalimu, uliza sasa. Kwetu ni wapi?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Kule siyui hata mutu moja. Nitashuka, nitaulizwa nimetoka wapi. Nitasema Kolwezi. Batanicheka."

Kisha akanipa ufunguo. "Umupe Kasongo. Asivunje mulango. Ni mulango muzuri, kaka yako aliuchonga mwenyewe."

Treni ilifika saa za jua kali. Mabehewa ya mizigo. Aliingia bila kugeuka.

Nilipeleka ufunguo. Kasongo alisema asante.

Jumapili, 21 Machi

Sikwenda kanisani. Ningekaa benchi moja na Kasongo.

Moshi unatoka jikoni kwa Ntumba. Mke wa Kasongo anapika. Harufu ni ile ile ya mboga za kila Jumapili.

Kabwe amesema atapita baada ya ibada kuichukua kaseti. Kwaya inahitaji ya kurekodia, anasema.

Nimeisikiliza mara moja, kwa sauti ya chini. Chungu kipo. Babake yupo na zege lake. Sifa zipo, na mbwa yupo.

Leo, kabla hajafika: chukua kisu cha jikoni, vunja vile vijino viwili.