Kiganja Ukutani

Baba Zuhura,

Nimetoka eda, na safari yangu ya kwanza, bila kupenda, imekuwa Kinondoni kwa mke mwenzangu. Mwanaidi alituma mtu huku Temeke aniambie ukuta wa bafu unaoza. Hataki fundi mwingine aguse kazi yako. Eti dada, yaani mie, ndiye aliyekuwa anakukorogea saruji, dada ndiye anayejua.

Bafu lenyewe ndilo lile. Mie miaka yote naoga na ndoo na kopo, yeye ukamwekea bomba la mvua na vigae vyeupe hadi juu. Roho iliniuma siku niliyosikia, na imeniuma tena nilipokuwa nimesimama mlangoni na mwiko wako. Nani kasema mtu akifa wivu unakwisha? Wangu upo.

Nilipobandua vigae, nyuma yake nikakuta hadibodi tupu, yale mabamba ya unga wa mbao, imelowa, imevimba, inamomonyoka mkononi kama kiporo cha ugali. Najua mwaka ule saruji haikuonekana. Lakini mie sikuwa natazama hadibodi. Nilikuwa natafuta alama ya kiganja. Kwangu, plasta ikiwa mbichi, ulinishika mkono ukaubandika ukutani, ukasema, "Sasa nyumba imemjua mwenyewe." Niliapa nikikikuta cha Mwanaidi naondoka, bafu lianguke lote.

Sikukikuta. Nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikajifanya nakohoa.

Saruji tuliipangia foleni duka la ushirika mpaka tukapata. Tuling'oa hadibodi yote, tukajenga tofali, nikapiga plasta, Mwanaidi anasomba maji. Ndipo akasema bila kuulizwa, "Dada, mie hata mwiko hakuwahi kunishikisha. Alikuwa anapigilia hadibodi mbiombio, anasema dada yako ananingoja." Kumbe ukuta wake umeoza kwa haraka yako ya kurudi kwangu. Nikakaa juu ya ndoo nikalia. Naye akalia, kila mtu na lake.

Plasta ilikuwa bado mbichi. Mkono wake ulikuwa pale pale, umelowa maji. Sikuushika.

Plasta ikikauka nitarudi kubandika vigae, na kikibanduka hata kimoja nitakuja tena. Hilo nakuahidi, sitamwacha ahangaike. Lakini habari ya kiganja simwambii.

Lala, mume wangu. Wewe niligawana naye. Kiganja, hapana.

Mama Zuhura